Theluji ya Kwanza: Jinsi Watu wa Milima ya Ulaya Walivyoijua Hatari Yake

Wasikilizaji wangu, mtu asimamaye Moshi asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, hukiona kilele cha Kibo kikimeta kwa weupe. Weupe huo ni theluji na barafu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona kwa macho yake akaandika habari zake, lakini baadhi ya wataalamu wa Ulaya, waliokaa vyumbani mwao penye ramani, hawakusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Kwa hiyo sisi watu wa Afrika ya Mashariki si wageni kabisa wa jambo hili. Hata mbao za kutelezea juu ya theluji zimekwisha kufika kwetu, maana mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliupanda mlima ule wakiwa na mbao hizo, wakateremka nazo.

Lakini theluji ya Kibo i mbali na nyumba zetu. Haifuniki shamba, haivunji paa, wala haizibi njia ya kwenda kisimani. Ziko nchi ambazo mambo sivyo yalivyo. Katika milima ya Alps, iliyoenea katika nchi za Uswisi, Austria, Italia, Ufaransa na Ujerumani, theluji hushuka kila mwaka hata mlangoni pa mtu. Na mara nyingine huporomoka kutoka juu kwa kishindo, ikachukua nyumba, ng'ombe na watu pamoja.

Leo nataka kuwaeleza jinsi watu wa huko walivyojifunza jambo moja, nao walijifunza polepole, kwa kupotewa na wengi. Jambo lenyewe ni hili: theluji ya kwanza ya mwaka, ile nyembamba isiyomtisha mtu, mara nyingi ndiyo itayarishayo mauti ya miezi ya mbele.

Mbao za kutelezea

Kwanza yafaa tujue mbao hizi ni kitu gani. Ni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopindwa juu upande wa mbele. Mtu huzifunga miguuni, akashika fimbo mbili mikononi. Asiyekuwa nazo huzama katika theluji laini mpaka magotini, pengine mpaka kiunoni. Lakini aliye nazo, uzito wake huenea, naye hupita juu. Akifika penye mteremko huteleza kwa mbio kuliko farasi.

Wanorwe na jirani zao wa kaskazini wamezitumia tangu zamani sana, katika kuwinda na katika safari za majira ya baridi. Lakini katika milima ya Alps hazikuwa na sifa mpaka mwaka 1888. Mwaka huo Mnorwe mmoja, Fridtjof Nansen, pamoja na wenzake watano, walivuka nchi ya Greenland toka mashariki hata magharibi, wakitumia mbao hizo. Kitabu chake cha safari ile kilisomwa katika nchi nyingi, na watu wa Ulaya ya kati wakashikwa na hamu ya kujaribu wenyewe.

Mmoja wao alikuwa Mathias Zdarsky wa Austria, aliyezaliwa mwaka 1856. Aliona kwamba mbao za Norwe zilifaa vilima vya kwao, lakini hazikufaa miteremko mikali ya Alps. Basi akatengeneza mbao fupi zaidi na kifungo imara cha mguu, akawafundisha watu wengi. Mwingine alikuwa Mjerumani Wilhelm Paulcke, mtaalamu wa mawe na ardhi. Mwezi wa Januari mwaka 1897 yeye na wenzake walipita katikati ya milima mirefu ya Bern, katika nchi ya Uswisi, kwa mbao zao. Majina haya mawili, Zdarsky na Paulcke, yakumbukeni, maana tutakutana nayo tena.

Hapo ndipo hatari mpya ilipoanza. Zamani, theluji ilipoanguka, wanakijiji walikaa nyumbani, na waliosafiri walifuata njia zilizojulikana. Sasa walikuja watu waliotaka kupanda mahali ambapo hapana njia, kwa ajili ya furaha ya kuteremka. Tena walikuja mapema. Mwezi wa Novemba au Desemba, theluji ikisha kuweupesha mlima tu, walikuwa wamekwisha kuzitoa mbao zao darini. Waliingoja miezi mingi. Hawakuweza kungoja tena.

Waliyoyajua wazee

Msidhani kwamba wenyeji wa Alps walikuwa wajinga. Walijua maporomoko tangu kale, na kila bonde lilikuwa na hadithi zake za msiba. Walijua pia kwamba miti mingi iliyosimama mlimani huishika theluji isiondoke. Katika kijiji cha Andermatt, nchi ya Uswisi, wenyeji waliandika amri mwaka 1397 kuukataza msitu ulio juu ya nyumba zao; mtu asikate mti humo wala asichukue hata kuni. Msitu ule ulikuwa ngao ya kijiji. Katika Frauenkirch, karibu na mji wa Davos, wajenzi wa kanisa waliufanya ukuta wa nyuma uwe na ncha kama omo ya jahazi, ili theluji ikija ipasuke ipite pande zote mbili.

Katika karne ya 19 mtu mmoja alianza kuyakusanya maarifa hayo yote. Jina lake Johann Coaz, naye alikuwa mkubwa wa misitu ya serikali ya Uswisi. Aliwaagiza watunza misitu waandike mahali kila poromoko liliposhuka, na mwaka 1881 akatoa kitabu kizima juu ya maporomoko ya nchi yake.

Walakini maarifa ya wazee yalikuwa na mpaka wake. Waliweza kusema, "Mahali hapa theluji hushuka." Hawakuweza kusema kwa nini mteremko uliokaa salama miaka kumi hushuka leo, wala kwa nini mtu mmoja hupita salama na wa pili, mwenye kufuata nyayo zile zile, hufunikwa. Waliitazama theluji juu, nayo juu ilikuwa nyeupe mahali pote.

Mwaka 1916

Vita Kuu ya kwanza ilipofika milimani, majeshi ya Austria na ya Italia yalipigana juu kabisa, penye theluji na barafu. Askari walilala katika vibanda vya mbao chini ya miteremko ambayo wachungaji wangaliiepuka. Maelfu yao hawakuuawa na risasi, bali na theluji.

Bwana Zdarsky, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka 60 hivi, alitumwa kuwafundisha askari habari za milima. Mwezi wa Februari mwaka 1916 poromoko lilimkamata na kumviringisha. Alitolewa hai, lakini mifupa yake ilikuwa imevunjika na kuteguka mahali 80 hivi. Watu walidhani hatatembea tena. Alijifunza kutembea upya, akarudia mbao zake, na baadaye akaandika juu ya maporomoko kama mtu aliyeyajua kwa ndani. Alikufa mwaka 1940.

Msiba mkubwa zaidi ulitokea mwaka ule ule, mwanzoni mwa majira ya baridi yaliyofuata. Katika mlima Marmolada palikuwa na kambi ya askari wa Austria, mahali paitwapo Gran Poz. Palichaguliwa kwa sababu mwamba uliwakinga na mizinga ya adui. Kapteni Rudolf Schmid, aliyekuwa mkubwa wa kikosi kile, alitazama mteremko ulioko juu ya vibanda, akaona hatari ya theluji. Aliwaandikia wakubwa wake akiomba ruhusa ya kuhama. Ruhusa haikutolewa.

Mwezi wa Desemba theluji ilianguka siku nyingi mfululizo. Kisha hali ya hewa ikageuka, joto likapanda ghafula, na theluji ya juu ikawa nzito kwa maji. Alfajiri ya tarehe 13 Desemba 1916, watu wangali wamelala, mlima uliachia. Askari 270 hivi walikufa pale. Siku ile hujulikana kwa jina la Ijumaa Nyeupe, ingawa kwa hakika ilikuwa Jumatano.

Tuliangalie jambo hili kidogo. Methali yetu husema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, lakini huko Marmolada aliyeona alikuwa mdogo, na wasiosikia walikuwa wakubwa. Theluji haina habari ya cheo. Aliyesimama karibu na mlima aliuona mlima. Aliyekaa mbali aliona ramani na mizinga. Tena tukumbuke kwamba mwezi ulikuwa Desemba, mwanzo wa majira, wakati ambapo watu wengi hudhani mlima haujajaa bado.

Walipoanza kuchimba

Baada ya vita Bwana Paulcke, yule aliyevuka milima ya Bern akiwa kijana, alikuwa profesa. Kazi yake ilikuwa kusoma tabaka za mawe, naye akafikiri: mbona theluji nayo ina tabaka? Kila siku ya theluji huacha tabaka moja, kama vile mafuriko ya mto yaachavyo udongo juu ya udongo wa mwaka uliopita. Basi akachukua beleshi, akachimba mpaka kufika kwenye ardhi, akasoma ukuta wa shimo toka juu hata chini.

Aliyoyakuta yalikuwa ya ajabu. Tabaka za juu na za katikati mara nyingi zilikuwa imara. Lakini chini kabisa, karibu na majani na mawe, palikuwa na chembe kubwa zisizoshikana, zenye kung'aa, nyingine zimekaa kama vikombe vidogo. Ukiziteka mkononi hutiririka katikati ya vidole kama sukari. Theluji ya majira yote, yenye uzito wa maelfu ya ratli, ilikuwa imelala juu ya kitu kisicho na nguvu kuliko mchanga mkavu. Tabaka ile ya chini ilikuwa nini? Ilikuwa theluji ya kwanza ya mwaka.

Serikali ya Uswisi nayo ilikwisha kuona kwamba jambo hili lahitaji kazi ya watu wengi. Mwaka 1931 ilifanywa halmashauri ya kuchunguza theluji na maporomoko. Juu ya mji wa Davos, mahali paitwapo Weissfluhjoch, zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, palijengwa kibanda cha mbao mwaka 1936, na ndani yake wataalamu wachache wakafanya kazi katika baridi kali. Mmoja, Robert Haefeli, alikuwa mhandisi, mjuzi wa udongo na misingi ya majengo. Mwingine, Henri Bader, alikuwa mjuzi wa chembe za madini. Walitumia fimbo ya chuma yenye uzito wa kuipigia juu yake: kila pigo, walipima fimbo imezama kiasi gani. Penye tabaka ngumu ilizama kidogo. Penye tabaka dhaifu ilishuka ghafula. Hivyo waliweza kuandika nguvu za theluji toka juu mpaka chini, kama vile daktari anavyoandika joto la mgonjwa. Mwaka 1939 wao na wenzao walitoa kitabu chao juu ya theluji na mageuzi yake. Kibanda kile kikawa chuo kikubwa cha uchunguzi, ambacho kipo Davos hata leo.

Kwa nini theluji ya kwanza huharibika

Sasa, wanafunzi, tuingie katika sababu yenyewe. Si ngumu.

Ardhi huhifadhi joto la kiangazi. Theluji ikiifunika, mahali ardhi na theluji zinapokutana hukaa karibu na digrii 0, hata usiku wa baridi kali. Lakini juu ya theluji, usiku wa anga lisilo na mawingu, baridi hushuka sana, tuseme digrii 15 chini ya 0. Basi theluji hukaa katikati ya joto la chini na baridi ya juu.

Fikirini kwanza theluji ya mwanzo wa majira, yenye kimo cha sentimita 30. Tofauti ya digrii 15 yote imo katika sentimita hizo 30. Maana yake, katika kila sentimita 10 pana tofauti ya digrii 5. Sasa fikirini theluji ya kimo cha sentimita 150. Tofauti ni ile ile, lakini imeenea mahali parefu. Katika kila sentimita 10 pana tofauti ya digrii 1 tu. Wataalamu waligundua kwamba tofauti ikizidi digrii 1 hivi katika kila sentimita 10, mvuke hutoka katika chembe za chini zenye joto, ukapanda, ukagandamana juu ya chembe zilizo baridi zaidi. Chembe ndogo hutoweka, kubwa huongezeka, na mishikamano iliyoziunganisha huvunjika. Baada ya majuma machache ile theluji laini imekuwa sukari.

Kwa hiyo theluji nyembamba katika baridi kali huharibika, na theluji nene huwa imara zaidi. Hili ni kinyume cha mawazo ya watu. Mtu wa kawaida huona theluji kidogo akasema, "Hatari ni kidogo." Kwa siku ile pengine asema kweli. Lakini msingi wa majira yote unawekwa siku zile, nao unawekwa vibaya.

Jambo la pili ni upande wa mlima. Theluji ianguke mwezi wa Oktoba, upande ulioelekea jua huyeyuka, ardhi ikawa wazi tena. Lakini upande wa kaskazini, ambao huko hauoni jua majira ya baridi, theluji ile hubaki, ikageuka sukari. Mwezi wa Desemba theluji kubwa ikianguka, pande zote mbili huwa nyeupe sawasawa. Upande mmoja umekaa juu ya ardhi. Wa pili umekaa juu ya chembe zisizoshikana. Jicho halioni tofauti. Beleshi huiona.

Jambo la tatu ni upepo. Upepo huichukua theluji mpya kutoka upande mmoja wa mgongo wa mlima, ukaitupa upande wa pili, na huko huishindilia ikawa bamba. Bamba hili juu ya tabaka ya sukari ni kama ubao uliowekwa juu ya kunde kavu mahali palipoinama. Unaweza kukaa kimya siku nyingi. Kisha aja mtu mmoja na mbao zake. Uzito wake huvunja tabaka ya chini mahali padogo. Mvunjiko hukimbia chini ya bamba lote, pengine mamia ya mita kwa sekunde chache. Na bamba lote hukatika kwa mara moja, naye akiwa juu yake.

Ndiyo maana mtu wa kwanza hupita na wa pili hufunikwa. Wa kwanza alikanyaga mahali bamba lilipokuwa nene. Wa pili alikanyaga mahali palipokuwa pembamba. Na ndiyo maana inasemwa kwamba katika ajali kumi za watelezaji, tisa hivi poromoko huanzishwa na aliyekamatwa mwenyewe, au na mwenziwe.

Maonyo yanayotangazwa

Maarifa hayo yasingefaa kitu kama yangebaki katika kibanda cha Weissfluhjoch. Wakati wa Vita Kuu ya pili jeshi la Uswisi lilikuwa na watu wake wa kuangalia theluji, na tangu mwaka 1945 wataalamu wa Davos wametoa habari za hatari ya maporomoko kwa watu wote. Walinzi wa vituo mbalimbali hupima kimo cha theluji, joto, na upepo, kisha habari hukusanywa na kutangazwa. Mwaka huo huo wa 1945 uchunguzi wa namna hiyo ulianza Marekani pia, katika bonde la Alta, jimbo la Utah, ambako Monty Atwater, aliyekuwa askari wa milimani, alijifunza kuiangusha theluji kwa baruti kabla haijawaangukia watu.

Si kwamba misiba ilikoma. Majira ya baridi ya mwaka 1950 na 1951 theluji ilianguka kupita kiasi, na katika Uswisi peke yake watu 98 walikufa, wengi wao wakiwa nyumbani mwao. Mwezi wa Januari mwaka 1951 kijiji cha Andermatt, kile cha amri ya mwaka 1397, kilipigwa pia. Baadaye kuta za chuma zilijengwa juu ya vijiji vingi, penye miteremko ambamo theluji huanzia kuteleza. Leo mtu aliye kitandani mwake katika Alps ana usalama kuliko babu yake. Wengi wafao sasa ni wale waendao wenyewe juu, penye theluji isiyolindwa.

Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya hutumia kipimo kimoja cha hatari chenye daraja tano, la kwanza likiwa dogo na la tano kubwa kabisa. Hapa pana fundisho la ajabu. Wafu wengi hawatoki siku za daraja la tano, maana siku hizo watu huogopa wakakaa nyumbani. Wengi hufa siku za daraja la tatu. Husikia "tatu", wakafikiri ni katikati, wakaenda.

Yampasayo mtu wa mwanzo wa majira

Basi mtelezaji mwenye akili hufanya nini mwezi wa Novemba au Desemba?

Kwanza husoma tangazo la hatari kabla ya kutoka, tena huuliza theluji ya Oktoba ilibaki wapi. Pili hutazama mwinamo. Maporomoko ya mabamba mengi huanzia penye miteremko ya digrii 30 mpaka 45. Anayekaa penye mwinamo mdogo kuliko huo, bila mteremko mkali juu yake, amejiondoa katika sehemu kubwa ya hatari. Tatu husikiliza. Theluji ikitoa sauti nzito chini ya miguu, kama gunia lililoangushwa chini, au ufa ukikimbia mbele ya mbao, maana yake tabaka ya chini imevunjika. Hapo hapana shauri tena, ni kurudi. Nne, katika mteremko wa mashaka, watu hupita mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama.

Tena mwanzo wa majira una hatari zake nyingine. Theluji nyembamba hufunika mawe na visiki bila kuvilainisha, na wengi huvunjika miguu kwa kuteleza mbio juu ya jiwe wasiloliona. Juu ya mito ya barafu, nyufa kubwa huzibwa na daraja jembamba la theluji mpya ambalo haliwezi kumchukua mtu. Na mchana ni mfupi: aliyechelewa kidogo hukutwa na giza na baridi.

Tano, kila mtu huchukua vitu vitatu: beleshi, fimbo nyembamba ndefu ya kuchomea theluji, na chombo kidogo cha redio kifuani. Zamani watelezaji waliburura kamba nyekundu nyuma yao, wakitumaini kwamba ncha yake itabaki juu wakifunikwa. Tangu mwaka 1968 vilianza kutengenezwa vyombo vya redio ambavyo mmoja hutoa ishara na mwenziwe huisikia, akaifuata hata mahali mtu alipo. Lakini chombo hiki chafaa kwa wenye mbio tu. Mwaka 1994 madaktari walitoa hesabu ya watu waliofunikwa kabisa: waliochimbuliwa kabla ya dakika 15, zaidi ya 90 katika 100 walikuwa hai, waliokaa chini dakika 35, walikuwa hai kiasi cha 30 tu katika 100. Katika dakika 15 msaada wa kijijini haujafika. Anayeweza kukuokoa ni yule uliyekwenda naye, kama hakufunikwa pamoja nawe.

Mwisho wa maneno

Wasikilizaji, kutoka amri ya Andermatt ya mwaka 1397 mpaka kibanda cha Weissfluhjoch cha mwaka 1936 ni miaka 539. Katika miaka hiyo yote watu waliijua theluji, waliiogopa, waliomba dua juu yake, na waliwazika wafu wake. Lakini hawakujua kwa nini, mpaka walipoacha kuitazama juu wakachimba hata chini.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Theluji kidogo ya Oktoba, ambayo mtoto aweza kuifagia kwa ufagio, yaweza kuangusha mteremko mzima mwezi wa Januari. Aliyekuwako ilipoanguka, akakumbuka mahali ilipobaki, ana elimu ambayo mgeni mwenye mbao za bei kubwa hanayo. Ndiyo maana mtelezaji mzuri huanza kazi yake kabla ya majira: huuangalia mlima tangu chembe ya kwanza, akaandika siku, kimo na baridi katika daftari yake.

Na aliye na hamu ya kuwa wa kwanza mlimani akumbuke methali yetu nyingine: kutangulia si kufika. Mlima hauendi mahali. Mtu aliyerudi nyumbani leo bila kuteremka, kwa sababu beleshi lake lilimwonyesha sukari chini ya weupe, hakupoteza kitu. Atapanda tena siku nyingine, na watoto wake watamwona akirudi.